Moyo wa Kapteni Mornevaux
Sehemu ya Tisa: Msamaha wa Hadharani

Wiki iliyopita tulimwacha Odile Mornevaux kwenye ngazi za kanisa la Montbressac, kikasha cha moyo mikononi, foleni ya wazazi na watoto wachanga mbele yake. Wa mwisho kwenye foleni hiyo alikuwa mdogo wake Bastien, mtu ambaye ukoo mzima ulikuwa umeshamzika bila jeneza.

Hakuwa amekufa. Alikuwa ameota kitambi kidogo, nywele zimejaa mvi, na kifuani alikuwa amembeba mtoto mwenye kofia ya kufuma.

"Habari za siku nyingi, dada," alisema. "Nimekuja kumsikilizisha mjukuu wangu. Anaitwa Apolline."

Odile alikibana kikasha kifuani. Jambo moja tu lilimjaa kichwani: amekuja kunisema.

Wewe uliyedandia hadithi leo, sogea karibu nikupe kwa ufupi, kisha tukimbie pamoja.

Kikasha kile ni cha madini ya risasi, kizito, chenye umbo la moyo, ukubwa wa ngumi mbili. Ndani yake, akina Mornevaux wanaamini, umo moyo mkavu wa Kapteni Enguerrand de Mornevaux, aliyelizuia daraja la Montbressac dhidi ya Waingereza mpaka mwanamke wa mwisho wa mji akavuka na mbuzi wake. Mwili wake ulibaki mtoni. Moyo ulirudishwa nyumbani, ukafungiwa humo pamoja na pete yake.

Kila baada ya miaka michache, mwezi wa Agosti, wote wenye jina hilo hukusanyika Montbressac kutoka pembe zote za Ufaransa. Wanasali misa, wanakula bata, wanakunywa mvinyo, wanagombana kuhusu nani ni binamu wa nani. Na kila mtoto aliyezaliwa na kila bibi harusi aliyeingia ukooni hupandishwa kwenye ngazi, kikasha kikasogezwa sikioni mwake na kutikiswa. Kok, kok. Aliyesikia ni Mornevaux. Ambaye hajasikia, hata akiwa na jina hilo kwenye kila karatasi ya serikali, ni mpita njia tu.

Mwiko ni mmoja. Kikasha hakifunguliwi.

Na siri ni moja. Ndani ya kikasha hamna moyo wa Kapteni. Mna kokwa la jozi, kama yale yanayojaa maghala yote ya Montbressac, kama yale ambayo mashangazi walikuwa wameyatwanga jana na kuyatia kwenye keki.

Kokwa hilo aliliweka Odile kwa mkono wake.

Alikuwa msichana wakati huo, ana mchumba mcheshi aliyezoea kuwacheka akina Mornevaux na moyo wao. Odile alipewa kikasha akisugue kwa ajili ya sikukuu. Akaona amkomeshe mchumba. Akamwita kwenye kikanisa cha pembeni, kwenye kiza, akamtikisia kikasha sikioni, jambo asilokuwa na ruhusa nalo hata kidogo. Kijana alicheka, Odile akacheka, kikasha kikateleza.

Kiliangukia jiwe. Mshono ukaachia, kitu kikaruka nje, na Odile katika kukurupuka kukidaka akakikanyaga. Alisikia kikipasuka chini ya kiatu chake. Mchumba alitoka mbio na hakurudi, si siku ile, si siku nyingine yoyote.

Odile aliokota vipande huku amefumba macho nusu, pete hata hakuikumbuka, akavifunga kwenye kitambaa, akavifukia chini ya mpeasi wa nyumbani kwao. Tangu siku hiyo hajaonja tunda la mti ule. Watu wakimuuliza, husema peasi zinamsumbua tumbo.

Aliyemkimbilia ni Bastien, kijana aliyekuwa anajifunza ufundi bati. Bastien hakumuuliza maswali. Alimwambia tu atafute kitu cha kuweka ndani, kufunga atafunga yeye. Walijaribu jiwe, likagonga kwa nguvu mno. Walijaribu haragwe, halikusikika. Wakajaribu kokwa la jozi, nalo likalia vilevile kabisa, kana kwamba moyo umerudi mahali pake. Bastien akatia lehemu, na siri ikafungwa.

Mkutano uliofuata, baba yao mkubwa Fulbert alikigeuza kikasha mbele ya watu, akaona lehemu mpya inang'aa. Akatangaza kwamba kikasha kimefunguliwa na pete ya Kapteni imeibwa. Mjini mlikuwa na kijana mmoja tu wa ukoo aliyejua kutia lehemu.

Bastien alimtazama dada yake siku ile. Odile akatazama viatu vyake.

Kijana akafukuzwa kama mwizi. Akaenda kuishi Brest, kule nchi inakoishia, na Odile akapewa heshima ya kutunza kikasha, kwa kuwa wote walimwonea huruma dada mwema mwenye kaka mwizi. Basi huo ndio mzigo wenyewe, na sasa aliyeubeba kwa niaba yake amesimama mbele ya Odile na mtoto kifuani.

Turudi kwenye ngazi.

"Bastien," ilisema sauti ya kipaza sauti, na watu wote waliokuwa wameketi kwenye meza ndefu wakageuka. "Umepotea njia? Brest iko upande ule."

Ndiye Fulbert, mkuu wa ukoo, wakili mstaafu, mzee anayekaribia miaka tisini na bado anaendesha gari kana kwamba barabara ameirithi. Watu wachache walicheka. Wengine walimtazama mtoto, aliyekuwa ameanza kulia.

Msichana mmoja alitoka nyuma ya Bastien, amefunga nywele kwa haraka, macho makali. Alikuwa Maëlle, binti yake, mama wa mtoto.

"Babu, mimi magomvi yenu siyajui," alisema. "Nyumbani kwetu jina liko mlangoni, lakini ndugu hatuna hata mmoja. Mtikisieni mtoto, tutaondoka zetu."

"Mjukuu wa mwizi hatikisiwi," Fulbert alijibu, tena kwa kipaza sauti.

Minong'ono ikatambaa kwenye meza zote. Shangazi mmoja alimwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika kwamba Bastien ana uso mgumu kuliko mlango wa ghala. Mwenzake alijibu kuwa mtoto hana kosa. Kidogo kidogo watu wakaanza kuchukua pande, na sikukuu ikaanza kunuka ugomvi.

Odile angeweza kusema pale pale. Neno moja lingetosha. Nusu saa tu iliyopita alikuwa amesimama hapo hapo akiwaita wakubwa wa jina lao, kama ilivyo desturi, na baada ya kila jina ukoo wote uliitikia "Yupo!" kwa sauti ya kutikisa njiwa kwenye mnara. Kapteni Enguerrand, aliyebaki darajani. Mama Aldegonde mtawa, aliyeficha mayatima wa wazushi chini ya sakafu ya konventi. Daktari Théodule, aliyekataa kuuacha mji wakati wa kipindupindu. Na Hilaire, baba yake Fulbert na babu yao Odile na Bastien, aliyepigwa risasi na Wajerumani bila kutaja jina la mwenzake yeyote.

Wote walibaki. Hakuna hata mmoja aliyetazama viatu vyake.

Odile aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini aibu haikumpa sauti. Alisema kitu kimoja tu, na alijichukia wakati anakisema.

"Tuingieni ndani. Haya ni mambo ya nyumbani."

*

Sakristia, chumba cha padri pembeni ya kanisa, ilinuka nta na nguo za zamani. Fulbert alikaa kwenye kiti pekee. Bastien alisimama karibu na kabati la mavazi ya padri. Maëlle alikuwa akimbembeleza mtoto, na Odile alikumbatia kikasha kwa mikono miwili kama mtu aliyepakata mtoto asiye wake.

Fulbert alianza kuhoji, kazi aliyoifanya maisha yake yote na hajaizeekea. Alitaka kujua pete iko wapi. Bastien alijibu kwamba pete hajawahi kuiona kwa macho yake. Mzee akauliza kama lehemu ile ni yake. Bastien akasema ni yake, akiiona anaijua, kwa sababu siku zile alikuwa na tabia mbaya ya kumalizia mshono kwa nundu.

"Kwa hiyo kikasha kilifunguka, ukakifunga wewe."

"Ndiyo."

"Na nani mwingine alikuwepo?"

Hapo Odile aliinua macho. Swali lilikuwa limefika, na kusema kweli sehemu moja ya nafsi yake ilifurahi. Atajwe. Aumbuliwe, ivunjike, iishe. Alimtazama kaka yake na karibu atikise kichwa kumruhusu.

"Nilikuwa peke yangu," alisema Bastien.

Odile alisikia uongo huo ukisemwa mbele yake, kwa ajili yake, na mtu aliyetoka Brest kwa treni akiwa na mtoto mchanga. Aliegemea ukuta ili asianguke na kile kikasha.

Nawe ungedhani mzee angewaka. Wala. Fulbert alionekana kupata nafuu, akavuta pumzi ndefu, na sauti yake ikalainika ghafla.

Alisema kwamba yeye si mtu wa kinyongo. Miaka imepita, pete imekwenda, na siku ya leo ni ya furaha. Kama Bastien atakuja mbele ya watu, ainamishe kichwa, akubali kwamba alikosa, ukoo utamsamehe. Yeye mwenyewe atautangaza msamaha huo. Kisha habari za kikasha zifungwe, asiulize mtu, asichunguze mtu.

"Na mtoto?" Bastien aliuliza.

"Atatikisiwa."

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote. Jina lake litaitwa, wataitikia."

Bastien hakufikiri hata kidogo.

"Basi nimekubali."

"Baba!" Maëlle aliruka. "Unakubali nini? Umeniambia tangu nikiwa mdogo kwamba hukuiba. Ulikuwa unanidanganya?"

Bastien alimjibu taratibu kwamba hakumdanganya. Msichana akasubiri maelezo. Hayakuja. Akambusu mtoto kwenye kofia, akatoka naye akiwa analia kwa hasira, na mlango ukajifunga kwa kishindo. Fulbert naye akainuka na fimbo yake, akasema anawapa dakika chache za kujifuta uso, akamfuata nje.

Wakabaki wawili, mtu na dada yake, na kokwa lao katikati.

Odile alikuwa amejiandalia maneno kwa ajili ya siku hii. Kila alipofua, kila alipopanga maua ya chrysanthemum kwenye makaburi ya wazazi wao, alikuwa akiyarudia. Sasa hata moja halikuonekana.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza. "Sasa hivi. Amekuuliza wazi."

"Ningesema nini? Ungefukuzwa wewe. Ungekwenda wapi?"

"Ulikwenda wewe."

"Mimi nilikuwa na ufundi. Paa zinavuja kila mahali."

Alijaribu kucheka. Odile hakucheka.

"Ulinichukia?"

Bastien alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu swali lililoulizwa, si lingine.

"Mwanzoni nilikuwa nakungoja," alisema. "Nilijua tu utasema. Kila gari lililosimama nje, nilidhani ni Ba'mkubwa anakuja kunichukua, kwamba Odile kasema. Niliwaambia hata wenzangu kazini kwamba sitakaa sana. Baadaye nikaoa, nikaacha kusikiliza magari."

Alisema hivyo bila uchungu, na hiyo ndiyo iliyomwumiza Odile zaidi. Angemtukana, Odile angejitetea. Angepiga kelele, angelia, mambo yangekwisha kama yanavyokwisha mambo ya ndugu. Lakini Bastien alikuwa ameshalisamehe jambo hili zamani, peke yake, huko kwenye mvua ya Brest, na hakumwachia kazi yoyote ya kufanya.

"Nimekukosea," Odile alisema.

"Najua. Twende, mtoto ataona njaa."

*

Walipotoka, jua la Agosti liliwapiga usoni. Watu walikuwa wameinuka kutoka mezani na kujazana mbele ya ngazi. Harufu ya bata ilikuwa inatoka jikoni na hakuna aliyeijali, jambo ambalo halijapata kutokea Montbressac.

Fulbert alishika kipaza sauti. Alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alisema jina la Mornevaux limebeba mashujaa na limebeba pia waliojikwaa. Alisema ukoo mkubwa hupimwa kwa namna unavyompokea aliyekosa. Alisema Bastien amekiri kosa la ujana wake, na kwamba leo, mbele ya moyo wa Kapteni, ukoo unamsamehe.

Bastien aliinamisha kichwa.

Watu wakapiga makofi. Si kwa unafiki, mpenzi msomaji, tusiwaonee. Walifurahi kweli. Yule shangazi wa mlango wa ghala alikuwa anajifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Wanaume walitazamana na kutikisa vichwa kwa upole, kila mmoja akijiona mwema kwa kumsamehe mtu ambaye hakumwibia.

Ni Maëlle tu ambaye hakupiga makofi. Alikuwa anamtazama baba yake alivyoinama, na uso wake ulikuwa umebadilika. Hasira ilikuwa imetoka, pakabaki kitu kibaya zaidi. Alikuwa ameamini. Alikuwa ameamini kwamba baba yake ni mwizi.

Odile aliuona uso huo, akatambua kwamba amewahi kuuona kabla. Ndio uso aliokuwa nao mama yao wenyewe, mpaka siku anakufa.

"Apolline Mornevaux," Fulbert aliita. "Odile, mtikisie."

Maëlle alimleta mtoto. Odile akainua kikasha, akakisogeza karibu na kofia ndogo ya kufuma, akatikisa. Kok, kok. Mtoto aliacha kulia. Alifumbua macho yake ya buluu akamtazama Odile moja kwa moja, kwa ule udadisi wa watoto ambao hawajajua kumwogopa mtu.

"Yupo!" ukoo ukaitikia.

Basi, imekwisha. Mtoto amepata watu. Bastien amepata alichokifuata. Odile alihitaji kufanya jambo moja tu: kukirudisha kikasha kwenye kikanisa, kufunga mlango, kuja kula bata. Angekufa na heshima zake, na wangempigia kengele ndefu.

Badala yake alishuka ngazi moja, akasimama katikati ambapo wote wanamwona. Alikiinua kikasha juu ya kichwa chake kwa mikono miwili.

"Dada," Bastien alisema haraka. "Dada, usifanye hivyo."

Odile akakiachia.

Kikasha kiligonga jiwe, kikaruka, kikagonga tena, na mshono wenye nundu ukaachia kama ulivyoachia mara ya kwanza. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Kisha kitu kidogo cha rangi ya udongo kikatoka, kikabingirika ngazi baada ya ngazi, taratibu, bila haraka, kikapita kati ya miguu ya watu waliorudi nyuma kukipisha, kikasimama mbele ya kiatu cha Fulbert.

Wote waliinama kutazama. Walikuwa watu wa Montbressac na watoto wa watu wa Montbressac. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni kitu gani.

"Hilo nililiweka mimi," Odile alisema.

Hakuwa na kipaza sauti, na hakukihitaji. Aliwaambia yote. Mchumba na kicheko chake, kiza cha kikanisa, kikasha kilivyoteleza. Alisema Bastien hakufungua kitu wala hakuchukua kitu, alimfungia dada yake aibu yake kwa sababu dada alikuja analia. Alisema siku walipomwita mwizi yeye alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, na alinyamaza. Alinyamaza siku ile na kila siku iliyofuata, akala nao, akawaita mashujaa kwa majina.

"Mmemsamehe mtu asiye na kosa, na heshima mmenipa mimi," alisema. "Na moyo wa Kapteni ninyi hamnao. Niliukanyaga kwa kiatu changu. Nimeufukia chini ya mpeasi."

Odile alingoja matusi. Aliyataka. Alimtazama Maëlle, na Maëlle alikuwa amekwenda kusimama kando ya baba yake, amemshika mkono kwa nguvu, amefumba macho. Hilo tu lilimtosha Odile, na machozi yaliyokuwa yamekataa kutoka miaka yote hiyo yakaanza kumtiririka.

Kisha watu wakakumbuka kumtazama Fulbert.

Mzee hakuwa na hasira. Hicho ndicho kilichowashangaza. Alikuwa ameinama kwa shida, ameliokota kokwa, analigeuza kwenye vidole vyake. Uso wake ulikuwa mweupe kama kitambaa cha altare. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, kimewaka, na kila pumzi yake ilisikika mpaka kwenye meza za mwisho.

"Odile," alisema kwa sauti ndogo. "Kile ulichokikanyaga. Kilipopasuka, kililia vipi?"

Odile hakuelewa anaulizwa nini. Alijifuta uso kwa kiganja.

"Kililia kama ganda, Ba'mkubwa."

"Na ndani?"

"Vitu vya kahawia. Vikavu, vimekunjamana. Sikutazama sana."

Fulbert alifumba macho.

"Hukukanyaga moyo, mwanangu," alisema. "Ulikanyaga kokwa. Lilikuwa langu."

Upepo ulipita kwenye vitambaa vya meza. Miaka yote hiyo Odile alikuwa akiomboleza chini ya mpeasi, na alichokiomboleza kilikuwa kokwa.

Bastien ndiye aliyefahamu kabla ya wengine. Aliuachia mkono wa binti yake, akasogea, akasimama mbele ya baba yake mkubwa. Hakuinamisha kichwa safari hii.

"Kwa hiyo ulijua," alisema. "Ulipoona lehemu mpya, ulidhani nimechungulia nikaona hamna moyo wala pete. Ukaniita mwizi mapema, ili nikisema nisiaminiwe. Ulijua hakuna kilichoibwa."

"Kiliibwa," Fulbert alisema.

Aligeuka, akatazama picha nne zilizotundikwa mlangoni mwa kanisa kwa ajili ya sikukuu, zimezungushiwa maua: Kapteni, Mama mtawa, Daktari, na Hilaire.

"Moyo uliibwa, na pete iliibwa. Aliyeviiba namjua, nimemlinda tangu nikiwa kijana. Odile, jina lake umeliita wewe mwenyewe asubuhi ya leo, na ukoo wote ukamwitikia."